Sauti ya Mama Kwenye Kihenge

Jumatano, Masuguru, Korogwe. Joto limebana tangu asubuhi. Mawingu yamesimama kule juu Kwashemshi, lakini mvua haishuki. Nipo kwa dada Zaina. Kesho napanda basi la Dar, halafu ndege, kwenda kuonyesha kifaa changu kwenye tamasha la teknolojia, nchi ya mbali ambayo jina la mji wake bado linanipiga chenga. Nilidhani siku ya leo ningekuwa narukaruka kwa furaha.

Naliogopa begi langu mwenyewe.

Kifaa chenyewe ni kiboksi kidogo. Unakiweka ndani ya kihenge, juu ya mahindi, na mahindi yakipata unyevu kinasema. Nilitaka kiseme kama mtu wa nyumbani, kwa hiyo mwaka jana nilimwomba mama nimrekodi. Akakohoa kidogo, akasema mahindi yamelowa, yatoeni yaanikwe. Kile kikohozi nilipanga kukikata, nikawa naahirisha. Mama alifariki kabla ya masika. Sasa kila mara kifaa kikitaka kusema, kwanza anakohoa.

Jana nilikwenda nyumbani Handeni kukichukua. Kipo kimoja tu, nilikiacha kwenye kihenge chetu kwa majaribio. Nilimwamkia baba, tukaongea kidogo, nikazunguka nyuma. Nilipofunua tu, uvundo ukanipokea. Mahindi ya juu yameota ukungu, mengine yamechipua kabisa. Nikakagua paa nikitafuta panapovuja, sikuona hata tundu. Halafu nikaliona birika la baba, lile la udhu, limesimama chini ya kihenge.

Kwetu kihenge ni cha mke. Mume hachoti, hata akishikwa na njaa anasubiri achotewe. Baba hajawahi kugusa mfuniko ule tangu nizaliwe. Nikaliinua birika, bado lilikuwa na maji.

Alikuwa anayamwagia mahindi maji ili mama aongee.

Chakula cha mwaka mzima, jamani! Nilikasirika, kisha nikalia. Nilipomuuliza hakukana. Nikamwambia nitamwekea sauti ileile kwenye simu, awe anaisikiliza muda wowote anaotaka. Akatikisa kichwa.

"Kwenye simu anasema tu," alisema. "Humu ananiambia mimi."

Nimesomea mitambo hii, lakini nilikwenda tu kutafuta turubai. Tukayatoa mahindi pamoja, mazima tukayaanika kwenye turubai, yaliyooza tukayafukia kuku wasije wakayala. Muda wote huo kifaa kilikuwa kinasema, na sikuthubutu kukizima. Mama anakohoa, anasema, anakohoa tena. Na baba kila mara anamwitikia taratibu, "Tunaanika, Mama Zaina," kama alivyokuwa akimwitikia siku zote.

Leo asubuhi alikifuta mwenyewe, akakifunga kwenye kikoi chake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akauliza kama huko ninakokwenda kuna mvua. Nikasema nasikia ni nyingi.

"Basi hatanyamaza," alisema. "Umrudishe kabla ya mavuno."

Dada nimemsimulia yote, sasa hataki kulala chumba kimoja na begi. Mchana jirani alikohoa dirishani, sote wawili tukageuka kulitazama begi. Tulicheka baadaye, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Huko kwenye tamasha wanataka kuona kifaa kikifanya kazi. Maana yake nitasimama mbele ya wageni wasiojua neno moja la Kiswahili, niyamwagie mahindi maji, halafu nisubiri mama akohoe. Jana nilimwona baba kama mtu aliyechanganyikiwa. Nikishamaliza kuonyesha, wageni wakaenda zao, nikabaki peke yangu na mama chumbani, mimi nitakuwa na akili gani zaidi ya baba?

Onyesho linahitaji mfuko mmoja tu wa mahindi.

Nimefungasha miwili.