Dume Gani Lilipita

Kiwanjani, Isiolo
2 Machi 2024

Baba Jawahir,

Salaam aleikum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Kikohozi cha Jawahir kimeisha, sasa anasumbua tu. Wewe na mbuzi zako huko Merti mnaendeleaje na hilo joto?

Nina habari ya kukuchekesha. Wale kasuku wadogo uliomletea mtoto, wote wawili kijani, wametotoa. Makinda wawili ni kijani kama wazazi, lakini wa tatu, wallahi, ni buluu! Uso mweupe, tumbo buluu kama sweta ya shule. Picha ndiyo hiyo. Majirani wamekuja kumwona, hata Kithinji wa miraa, na yeye anasema kinda anafanana na kasuku wake dume, wa buluu.

Mkeo,
Mama Jawahir

Merti
4 Machi

Mama Jawahir,

Aleikum salaam. Mimi mzima, soko ndilo limelala.

Picha nimeiona. Nimeikuza mpaka simu ikashika moto. Huku ndama akitoka na rangi isiyo ya zizi, mwenye ng'ombe hacheki. Watu wanamuuliza dume gani lilipita. Yattani, mwenzangu wa biashara, ameniuliza hivyo hivyo mbele ya watu, nao wakacheka.

Sasa na mimi nakuuliza. Dume la Kithinji liliingiaje kwangu? Ndege hafungui mlango, alibebwa na mtu. Na huyo mtu alikaa wapi, akanywa chai ya nani? Usinijibu kwa mzaha. Piga picha ya mgongo wa kinda na ya hilo dume, nilinganishe mistari ya mabawa.

Mohamedamin

Kiwanjani
5 Machi

Baba Jawahir,

Salaam aleikum. Tuko wazima.

Kithinji alisimama kwa geti na mke wake Kiende, wakaangalia, wakaenda. Dume lake halijawahi kuingia hapa. Picha hizo hapo, zilinganishe ushibe: mistari ya kinda wetu ni kahawia, ya dume lake ni nyeusi tii. Rangi hujificha ndani ya damu, ikatokea siku ikitaka.

Lakini nimeona hukuandika Baba Jawahir. Tangu azaliwe hujawahi kusahau. Huyo mtoto alitoka mweupe kuliko mimi na wewe, mama yako akasema ni rangi ya nyanya yako, tukacheka. Wewe ulicheka, ama ulinyamaza tu? Nijibu hilo, mambo ya ndege wacha. Wivu wako nimeuzoea, hata nilikuwa naupenda kidogo. Huu si ule. Huu umeniumiza.

Mkeo,
Mama Jawahir

Kiwanjani
12 Machi

Baba Jawahir,

Salaam aleikum. Naona umesoma. Jawahir anauliza kwa nini hupigi simu, na mimi nimechoka kumwambia ni network.

Mama Jawahir

Merti
20 Machi

Mama Jawahir wangu,

Salaam aleikum, na nyingi zaidi kwa binti yangu. Natumaini mko wazima.

Nilinyamaza kwa sababu usingizi ulinikataa. Kila nikifunga macho naona Kithinji kwa kiti changu. Mwishowe nikampigia muuzaji wa ndege kule Meru. Akaniambia kijani wawili wanaweza kuficha buluu, baba nusu na mama nusu, na kinda akipata zote mbili anatoka buluu. Hata hiyo mistari ya kahawia baba anaweza kuificha. Akasema hakuna haja ya dume lingine. Nimemsikizisha Yattani pia, amefunga mdomo.

Sasa moyo umetulia, nimeamini. Nakuja na lori la Ijumaa. Nisamehe, mwenye wivu ndiye mwenye mapenzi.

Baba Jawahir

Gotu
21 Machi

Baba Jawahir,

Aleikum salaam. Sisi wazima. Usitutafute Kiwanjani, tuko Gotu kwa kaka yangu. Ndege wako kwa Kiende, atawalisha.

Nimefurahi moyo wako umetulia. Wangu bado. Mimi nilikuambia rangi hujificha, na mimi ni mkeo, hukuamini. Mtu wa Meru usiyemjua hata sura amekuambia maneno yale yale, ukaamini. Sasa niambie, huyo muuzaji angesema haiwezekani, Jawahir angekuwa mtoto wa nani?

Lori lako litapita hapa. Tutakuwa kando ya barabara, mimi na yeye. Kama unakuja na neno lako mwenyewe, shuka. Kama unakuja na la muuzaji, mwambie dereva asisimame.

Mama Jawahir