Herufi Tatu Kwenye Kaburi la Baba

Matogoro,
Songea.
14 Septemba 2025

Shangazi yangu mpendwa Lidwina,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute magoti yametulia na miwani umeiona ilipo, maana mwanao Saimon aliniambia siku hizi unaitafuta nyumba nzima kumbe iko kichwani. Sisi huku wazima. Mama presha yake imeshuka na ulimi wake uko palepale. Baridi imetuacha, sasa ni vumbi, linaingia mpaka kwenye chai. Mahindi tumepata ya kutosha, namshukuru Mungu. Je, huko Mpanda mvua mnaitarajia lini?

Nimeandika kwa mkono kama ulivyotuzoesha ulipokuwa mwalimu wetu, lakini si kwa adabu tu. Kwenye simu ningelia. Kwenye kundi la ukoo wangenisoma wote, na baba mdogo Athanasi angeanza kujibu kabla sijafika katikati.

Kwanza nikueleze habari za kaburi la kaka yako, kwa kuwa magoti yalikuzuia kuja. Limejengewa vizuri, shangazi. Msalaba umenyooka, vigae vya bluu vimepangwa pembeni, na ukisimama hapo unaiona milima yote. Padre alilibariki mwezi wa saba, kwaya ikaimba hadi sauti zikawakauka, na watu walikula wakabeba. Picha ulizotumiwa zilipigwa kwa mbali, ndiyo maana hukuyaona maandishi. Chini ya jina la baba na tarehe zake, baba mdogo alimwagiza fundi Romanus aongeze mstari mmoja: BABA WA DKT. DORINE. Romanus akauandika kwa msumari, saruji ikiwa mbichi. Mimi wakati huo nilikuwa Dar kwenye mitihani. Nilifika jioni ya kuamkia misa, nikagusa kwa kidole, imeshakauka.

Shangazi, mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa udaktari wa sheria, tena wa mwaka wa kwanza. Nimewaambia hivyo nyumbani, kanisani, hata dukani kwa Mzee Iddi. Wanacheka. Wanasema nimerithi unyenyekevu wa baba. Kwao, kupokelewa ndiko kumaliza. Msibani napewa kiti cha mbele, na nikikikataa wanazidi kunisifu.

Wewe utaelewa nikikueleza vizuri. Nilidhani na mimi nitapewa msimamizi, niende zangu nikaandike kitabu changu. Chuoni kwetu haiendi hivyo. Mwaka wa kwanza wote ni wa darasani. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu nakaa kwenye kiti chenye kibao cha kuandikia, karatasi ya mahudhurio inapita, nasaini kama mtoto wa shule. Kuna mbinu za utafiti, kuna sheria linganishi, kuna semina, na kuna falsafa ya sheria. Yote lazima uyafaulu kwa B kwenda juu, ndipo uruhusiwe hata kuleta pendekezo la utafiti. Ule utafiti wangu wa mashamba ya wajane uliokufurahisha sana, bado sijauandika hata mstari.

Matokeo yalitoka Agosti, wiki chache baada ya misa. Falsafa ya sheria nimepata C. Huko chini C ni kufaulu, huku juu ni kuanguka. Na hawakubali urudie mtihani peke yake. Unarudi darasani muhula mzima, kiti kilekile, saini ileile.

Unajua swali lililoniangusha? Sheria ni nini. Basi! Nimeishi na sheria miaka kumi na saba, nimeifundisha, nimesimama nayo mahakamani, na nilipoulizwa ni kitu gani hasa nikawa kama mke anayeulizwa tabia ya mumewe akabaki kutaja nguo zake. Nilijaza kurasa za vifungu na kesi. Mwalimu, kijana mdogo kuliko mimi, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nimeeleza sheria inasema nini, sijasema ni nini. Nilimkasirikia wiki nzima. Baadaye hasira iliisha, kwa sababu alikuwa na haki.

Masomo yanaanza mwishoni mwa Oktoba, na nataka kuacha. Nimekuandikia wewe wa kwanza. Silali vizuri, nikifungua kitabu nakifunga kabla ya ukurasa wa pili, na nikisikia mtu anaita "Daktari!" barabarani natamani nipite njia ya nyuma. Nimechoka, shangazi. Naona aibu kuchoka, lakini nimechoka.

Nitaachaje lakini? Mkuu wangu wa kazi ameniongezea likizo ya masomo bila hata kununa. Mume wangu Aidan amejifunza kupika, na anapika vibaya kwa moyo mweupe kabisa. Kila mtu ananisaidia, na kila msaada ni komeo jingine mlangoni. Halafu nikipita uwani naukuta ule mstari, na baba yuko chini yake.

Nilimfuata baba mdogo, nikamwomba tumwite Romanus na patasi aondoe zile herufi tatu tu, Dorine libaki. Hakugomba. Alinitazama kama mtoto aliyeomba chumvi ya kuweka kwenye chai.

"Sasa wewe unahangaika nini, mwanangu? Leo, mwakani, si mulemule? Kaburi likishabarikiwa haliguswi. Labda dada wa marehemu mwenyewe atoe neno."

Jana nikamweleza mama. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakusimamisha mkono.

"Sasa asiyeijua sheria ni huyo mwalimu wako au ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi si ukajifunze. Baba yako pale hana haraka."

Nilicheka mpaka nikalia, nikavuta kigoda tukapukuchua pamoja hadi gunia likajaa. Nililala vizuri usiku huo. Asubuhi nikagundua kwamba hata mama hakusema naweza kuacha. Amenipa muda, na muda ni kitu kikubwa, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyesema ninaweza kuacha.

Ndiyo maana nakuomba wewe, dada wa marehemu. Niandikie neno hilo. Andika kwamba herufi hizo zinaweza kuondolewa siku nitakayotaka, na kwamba hutanionea haya. Huenda nisimwite Romanus kamwe. Huenda Oktoba nikapanda basi, nikakaa kwenye kile kiti, nikamjibu yule kijana sheria ni nini. Lakini nikikaa pale nataka nijue kwamba ningeweza kuinuka nikaondoka. Sasa hivi nasoma kwa sababu saruji imekauka, na kwa namna hiyo sitafaulu hata nikirudia mara kumi.

Nisalimie Saimon na mkewe, na mjukuu wako Tabu mwambie vikanda vyake vya mizizi ya porini mama amevitenga, tutavituma na mtu wa uhakika. Mama anakusalimu sana, anasema ukija usije wakati wa vumbi. Mungu akulinde na akuongezee siku, na magoti ayaonee huruma.

Ukijibu, kwenye bahasha usiweke kitu mbele ya jina langu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Dorine