Tafadhali Msifagie

Homa Bay,
kabla mvua hazijaanza

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima kutoka huku kando ya ziwa. Goti lako linaendeleaje? Na baba, kile kikohozi kimemwachia, ama bado anadai ni vumbi tu? Najua dada Wakio ndiye anayekusomea, basi namwomba asiruke mahali nilipokasirika, maana akiruka barua itakuwa fupi sana.

Mimi mwili ni mzima. Kilichokonda ni subira. Uliniuliza haya mazoezi ya chuo ni ya nini hasa. Sisi wanafunzi wa afya tunatafuta kupe na mbu, tunawatia kwenye vichupa, kisha mkubwa wetu anawatazama kwa hadubini ajue wana ugonjwa gani. Mbu wa malaria wakipatikana kwa wingi, lori la dawa linakuja kupuliza nyumba zote kabla ya mvua. Wasipopatikana, lori linakwenda kwingine. Sasa, mama, utaamini nikikwambia kwamba wanaonitesa huku ni watu wasafi?

Nilianzia Migori, upande wa mpakani, kwenye kupe. Chifu alimwarifu mzee mmoja mfugaji kwamba kesho watu wa serikali watakuja kuangalia ng'ombe wake. Tulipofika, mzee akatupokea kwa furaha na kuniinulia mkia wa ng'ombe mwenyewe. "Angalia, bwana. Angalia hata hapa. Hapana kupe!" Kumbe jamaa yake yote ilikuwa imeamka mapema kuwang'oa kupe mmoja mmoja na kuwatupa motoni. Kupe niliowafuata kutoka Nairobi niliwasikia wakipasuka kwenye majivu. Na nikapewa maziwa, nikashukuru. Ningefanya nini?

Wakanileta Homa Bay kwenye mbu, nikadhani nimepona. Huku unatandika shuka nyeupe sakafuni, unafunga mlango asubuhi, unapuliza dawa ya pareto, unangoja kidogo, halafu unaokota mbu walioanguka. Lakini bila taarifa hakuna anayekufungulia, na ukitoa taarifa wanawake wanasafisha! Wanafukiza moshi wa majani na kinyesi cha ng'ombe jioni nzima, wanaangua utando wa buibui, wanakandika sakafu upya. Nikitandika shuka zangu, ninazikunja nyeupe vilevile. Nimelalamika kwa chifu wa huku. Akanitazama kama mtu asiye na adabu. "Kijana, zamani serikali ilikuwa ya wengine. Sasa ni yetu. Tuipokee na nyumba chafu?"

Mkubwa wetu naye hataki maelezo. Shuka tupu kwake ni kijiji kisicho na mbu. Wiki iliyopita akaniambia nina nyumba moja ya mwisho hapa, nisipopata kitu analipeleka lori Rongo.

Nyumba hiyo ni ya Min Atieno, yaani mama yake Atieno, kama wanavyoita huku. Anauza samaki sokoni, na usafi wake ungekupendeza, hata sufuria zake zinang'aa kwa nje. Huyo Atieno ni msichana mdogo wa darasa la kwanza, na tangu nifike homa inamwangusha, inamwacha, inamwangusha tena. Nilikwenda kwa mama yake nikiwa adabu imenichosha.

"Mama," nikamwambia, "kesho nakuomba uchafu."

"Unaomba nini?"

"Usifagie. Usifukize. Acha mbu walale. Nikikosa mbu hapa, dawa haiji kijiji hiki."

Akashika kiuno. "Daktari, wewe iko na mama?"

"Ninaye."

"Sasa nyumba ya mama yako ikikuwa chafu, unaweza kuita serikali ikuje ione?"

Mama, nilikuona wewe na ufagio wako wa asubuhi. Nikasema tu, "Atieno anaumwa. Mvua ikianza ataumwa zaidi." Akaniacha nimesimama, akaingia ndani. Nikarudi nikijua nimemtukana mwanamke mzima nyumbani kwake, na kwamba kesho sakafu itakuwa mbichi.

Asubuhi mimi na mkubwa wetu tulikuta mlango umefungwa, majivu ya jana bado jikoni, vyombo havijaoshwa. Majirani walikuwa wamesimama uani, wamejionea. Min Atieno alikuwa ameketi kando ya ghala, ametugeuzia mgongo, kitambaa kimefunika uso. Hakuitika salamu yangu.

Tukatandika, tukapuliza, tukangoja. Tulipozitoa shuka nje juani, mbu walikuwa wametapakaa kila mahali, na matumbo ya wengi yalikuwa mekundu. Mkubwa wetu alichuchumaa, akaanza kuwaokota. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Bahati nzuri sikupiga, kwa sababu Min Atieno alikuwa amekuja nyuma yangu.

Akamnyooshea kidole mbu mmoja aliyevimba. "Hii damu ni ya nani?"

Nikasema haiwezekani kujua.

"Mimi najua," akasema. "Hii shuka imetoka chumba Atieno analala peke yake."

Akakivua kile kitambaa, akawageukia majirani aliowaogopa tangu alfajiri. "Kujeni! Kujeni nyote muone kitu iko kwa nyumba yangu!" Wakaja, wakainama juu ya zile shuka. Halafu mmoja akasema kwake nako tuje kesho, hatafagia. Na mwingine. Lori linakuja, mama, mkubwa ametia sahihi palepale. Atieno amepewa vidonge na leo amedai uji.

Unisalimie baba, na umwambie kikohozi cha vumbi nacho hutibiwa hospitali. Nisalimie bibi mzaa baba, shangazi Mkawasi na binamu Mghanga aliyerithi kitanda changu. Asikizoee.

Jambo moja Wakio alisome polepole. Tulipomaliza, nilianza kukunja shuka niondoke. Min Atieno akanizuia mlangoni na ufagio mkononi. "Wewe ndio uliomba uchafu," akasema, akanikabidhi. Nimefagia nyumba nzima hadi uani, wanawake wa kijiji wakinitazama, naye akinionyesha pembe nilizoziacha kwa maneno yaleyale unayotumia wewe.

Mwanao akupendaye,
Mwadime