Nyotamkia juu ya paa la Rigoberto

Yasna, sikia kisa cha leo.

Si unajua Eliseo wangu anavyowinda nyotamkia mchana? Ya leo inapita karibu kabisa na jua. Basi akajibanza kwenye kivuli cha ukuta, paa la jirani yetu Rigoberto limkinge jua, darubini juu.

Kumbe Mirta, mke wa Rigoberto, yuko paani anaanika nguo.

Rigoberto akaruka ukuta. "Unamchungulia mke wangu?" Ngumi. Jino chini. Jino, Yasna.

Eliseo anatema damu: "Natazama nyota, bwana."

"Nyota saa sita mchana?" Akampora darubini, akatoka kivulini, akaielekeza kwenye jua ahakikishe.

Nikamtandika mkono kwa kifimbo cha kusukumia unga wa empanada, zile sambusa zetu. Nilisikia mfupa.

Sasa mji mzima wa Vicuña unanisifu eti nimempigania mume. Mume? Nilikuwa nayaokoa macho ya yule mjinga.