Jina Lililotajwa Juu ya Paa

Mtaa wa Humboldt 17,
Braunschweig, Ujerumani.
16 Septemba 1953

Mpendwa Mama Mdogo Ottilie,

U hali gani huko Brazili? Mguu umepata nafuu? Sisi wazima, nami nina furaha hadi naona haya: kila asubuhi naamka nikikumbuka kwamba nimeolewa na Volkmar. Akirudi kutoka chuo kikuu, anakofundisha kuchora, vidole vyake vina weusi wa penseli. Akinishika shavu, weusi unabaki, nami siufuti upesi.

Lakini nina donge moyoni.

Nilikuandikia habari za Gernot, shahidi wa ndoa yetu na mwenzake Volkmar katika ofisi ya usanifu majengo. Shule mpya inayojengwa hapa aliichora Volkmar peke yake, msingi hadi madirisha. Kazi ya Gernot ilikuwa kuzungumza na wakubwa.

Ijumaa mbao za paa zilikamilika. Seremala mkuu akapanda juu ya paa hadi kwenye taji la majani linalotundikwa mbao zikikamilika, glasi mkononi, awanywee heri waliojenga, kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu, nikingoja kusikia jina la mume wangu.

"Na glasi hii ni kwa heshima ya msanifu wetu, Bwana Gernot Ahlers!"

Akanywa, akaitupa chini ikapasuka kwa bahati njema, watu wakashangilia. Gernot akavua kofia, akainama.

Nikamfuata penye meza ya soseji. "Mbona hukumsahihisha?"

"Nimsahihishe nini, shemeji? Jina nilimpa mimi," akasema huku akitafuna. "Mumeo ana wanafunzi wa kumsifu. Kula, bibi harusi."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Volkmar. Njia nzima alinishika mkono, wake ukiwa wa baridi. Jumatatu akaihamisha meza yake ya kuchorea, akaileta jikoni kwetu. Ofisi ndiyo basi. Tutaishi kwa mshahara wa chuo.

Jana Gernot alibisha hodi. Ngazi kuu ya ndani haijachorwa, na mafundi wanangoja. Volkmar akamsikiliza hadi mwisho.

"Kamwombe msanifu," akamwambia, akafunga mlango.

Kisha akaketi akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Msalimie sana Baba Mdogo Alwin na binti yenu Hedda. Mungu awape afya na mavuno mema.

Picha ya harusi uliyoiomba ni hii. Huyo wa kulia ndiye Gernot. Nilishika mkasi nimkate, ila mkono wake uko begani kwa Volkmar, na hapo Volkmar anacheka kutoka moyoni.

Mtoto wa dada yako, nikupendaye daima,
Roswitha