Diski Zenye Majina ya Mafahali

Jumatatu, 5 Mei

Kazi ya leo studio: picha mbili za pasipoti, fotokopi kidogo, basi. Baadaye nikateremsha sanduku la diski za Shivachi kutoka juu ya kabati. Sijaligusa tangu tumzike mwaka jana. Vumbi tele. Kumbukumbu yake ni Jumamosi ya wiki ijayo, na Mama, mama yake mzazi, anataka wageni wamwone mwanawe akiongea. Picha ya ukutani haimtoshi.

Mume wangu alikuwa mpiga video. Maisha yake yote alikaa nyuma ya kamera. Ninavyojua alisimama mbele yake mara moja tu, alipotoa hotuba kwenye arusi ya mdogo wake, Lihanda.

Sina hisia yoyote. Nataka jambo hili liishe.

Jumanne, 6 Mei

Nimechomeka waya wa diski ya kwanza kwenye tundu la mbele la kompyuta. Taa ikawaka, ikakwaruza, haikufunguka. Nikasogeza meza, nikapiga magoti kwenye utando wa buibui, nikaichomeka nyuma. Huko umeme unatosha. Imefunguka.

Shida ni majina. Shivachi hakuandika tarehe. Kila diski ina plasta yenye jina la fahali aliyekuwa akitamba kwenye mapigano ya huku kwetu Khayega wakati huo. Tingatinga. Meja. Kiboko Yao. Arusi na mazishi ya watu vimo humohumo, chini ya majina ya ng'ombe. Mtu mzima na akili zake.

Jumatano, 7 Mei

Nimempigia Lihanda. Tarehe ya arusi yake haikumbuki, lakini fahali hakumpa shida. "Angalia Meja, shemeji. Huyo ndiye alikuwanga anapiga wote wakati naoa."

Kweli. Nimemkuta Shivachi ndani ya Meja. Suti ya kuazima, kipaza sauti mkononi. Nikafunga kabla hajafungua mdomo. Sauti yake nimeisahau. Naogopa kuisikia nikaona ni ya mtu baki.

Alhamisi, 8 Mei

Nilianza kunakili arusi kutoka kwenye diski. Inakwenda polepole. Nikatoka kununua karatasi, nikamwacha Mama ameketi hapa studio, chumba cha mbele cha nyumba yetu.

Ngurumo ilinikuta dukani. Hapa kwetu ikinguruma tu upande wa msitu, kila waya unang'olewa, hata wa redio. Niliporudi mvua imeanza na waya zote ziko sakafuni. Wa kompyuta, wa printa, wa diski. Mama amefurahi, ananiambia: "Mama Brenda, nimetoa zote. Radi haina rafiki."

Nikasema asante.

Stima iliporudi nikachomeka tena. Kompyuta inasema diski haisomeki, inataka kuifuta yote ndipo itumike. Sijabonyeza kitu. Nina hasira na sina wa kumpa.

Jumatatu, 12 Mei

Fundi wa mjini ameifungua, ameitazama, ameifunga. Imekwaruzika ndani. Hakuna kitu cha kuokoa.

Lihanda anasema nimwambie Mama ukweli. Maji yakimwagika hayazoleki, anasema. Ni rahisi kwake. Nimwambie kwamba mkono wake ndio uliomng'oa mwanawe? Sitamwambia. Afadhali nionekane mzembe.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia ilikuwa imezeeka, imekufa yenyewe. Kisha akauliza kama ziko zingine. Ziko, nikamwambia, lakini ni mafahali tu.

"Weka hao mafahali."

Mama ana mtoto wa jicho. Skrini kwake ni ukungu. Nikamwekea Tingatinga, nikaendelea kupika mboga kwenye jiko la makaa mlangoni. Ngoma za isukuti zinalia, wanaume wanapiga mbinja, vumbi. Mara Mama akainua kidole.

"Huyo."

Nikatazama. Ng'ombe na matope. Hakuna mtu.

"Anakohoa. Tangu utoto anakohoanga hivyo kabla ya kuongea."

Nikarudisha nyuma. Kikohozi kifupi, karibu kabisa na kamera, halafu: "Mzee, songa kidogo, unaniziba." Video hii nimeihariri mimi mwenyewe. Nilikuwa natazama ng'ombe.

Ni yeye. Nilimjua mara moja. Sikulia. Mboga ziliungua.

Jumapili, 18 Mei

Kumbukumbu ilikuwa jana. Baada ya sala tuliwawekea wageni mafahali. Pasta hakufurahi. Wazee wa Khayega walishangilia Tingatinga kana kwamba hawajui atashinda. Kila Shivachi alipokohoa Mama aliinua kidole, na watu wakanyamaza.

Leo Mama hakuenda kanisani. Amekuja studio, ameomba Kiboko Yao. Nilikuwa nimeinama nyuma ya kompyuta, natafuta tundu, aliposema anajua alichofanya siku ile ya mvua. Hakuna aliyemwambia. Diski ilikuwa bado inazunguka mkononi mwake, anasema, na ikalia, kisha ikanyamaza. Akaona mimi sisemi, naye akanyamaza.

Halafu nikachomeka, nikaongeza sauti, nikavuta kiti changu karibu na chake.