Dawa ya Urbanus Inanywewa Mara Moja kwa Wiki

Mama Rozalia mpendwa, shikamoo, nimebanwa na jambo ambalo siwezi kulisema mwaloni tunakoshusha samaki wala nyumbani. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, naishi na virusi vya UKIMWI na dawa zangu za kufubaza nakunywa bila kukosa, ila nilikohoa sana nikakonda, kliniki wakanikuta na kifua kikuu, wakanipa vidonge vya kunywa kila siku kwa miezi sita, na mbalamwezi mitumbwi ilipolala, maana dagaa huvuliwa gizani, nilivinywa vizuri tu na kikohozi kikapungua, lakini giza liliporudi tukaanza kuingia tena ziwani, asubuhi narudi tumbo tupu, wachuuzi wananing'ang'ania, nimeze vidonge nitapike mbele yao, na mwenzangu Urbanus, mtumbwi wetu mmoja na hali yetu ya virusi ni moja, yeye kliniki hiyohiyo wamempa dawa ya kifua ya mara moja tu kwa wiki, tena amenenepa, na mkojo wake una rangi ya machungwa kama wangu, kwa hiyo dawa ni ileile, nikaona hapa kuna upendeleo, nikamshawishi tubadilishane, akakubali maana ni mpole, sasa kikohozi kimerudi, nikilala natota jasho, na mke wangu Erica amejifungua juzijuzi, chumba ni kimoja, nimemwambia ni baridi ya ziwa, naomba uniambie ipi kati ya hizi dawa ina nguvu zaidi, au nichanganye na vile vidonge vya rangi mbili vya dukani, maana kliniki siendi, nesi Restituta ana mdomo.

Isaka, Kibirizi

*

Marahaba, daktari wangu, na hongera. Wenzako wanasoma miaka mingi wajue dawa gani inamfaa nani, wewe umehitimu ukingoni mwa mtumbwi kwa kutazama mkojo wa mwenzako.

Kichefuchefu nakuhurumia, kweli. Vidonge vile juu ya tumbo tupu, baada ya kukesha ukivuta wavu, ni adhabu. Lakini ungemwambia Restituta hivyohivyo, angekupangia saa nyingine au angekupa cha kutuliza tumbo. Mdomo wake unauogopa, kifua kikuu hukiogopi. Ushujaa wa ajabu huo.

Unauliza ipi ina nguvu, kana kwamba zinashindana. Yako ni ya kumtibu mtu ambaye tayari ana bakteria kifuani, ndiyo maana ni dawa kadhaa kwa pamoja na ni kila siku. Ukikatiza, wanaobaki ni wale sugu, na hapo utaanza upya kwa dawa kali zaidi. Ya Urbanus ni ya kumkinga mtu ambaye haumwi kifua. Rangi ya mkojo inafanana kwa sababu dawa hizo ni za ukoo mmoja. Wewe na kaka yako nanyi ni wa ukoo mmoja, ila sidhani kama mnavaa kiatu kimoja. Vile vya rangi mbili mwachie mwenye duka, havitibu kifua kikuu.

Halafu Erica anaambiwa ni baridi ya ziwa. Mtoto mchanga hana namna ya kukubishia, anavuta tu hewa uliyoikoholea. Hapo, mwanangu, nimekasirika.

Kesho dagaa wauze wenzako. Nenda kliniki na Urbanus, mbebe vidonge vyote vilivyobaki, mseme bila kuficha nani alikunywa nini. Utapimwa makohozi upya, naye achunguzwe, maana amekuwa akitibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Erica na mtoto waende siku hiyohiyo, baada ya wewe kumwambia ukweli. Mpaka wataalamu waseme vinginevyo, ziba mdomo ukikohoa, dirisha liwe wazi, ulale peke yako, na ziwani usiende.

Restituta atakugombeza, tena vizuri. Kaa kimya umsikilize. Na kama bado unataka kujua siri ya ule upendeleo, ni hii: Urbanus alipewa dawa ya kinga kwa sababu mtumbwini anakaa na mtu anayekohoa. Alikuwa anakingwa dhidi yako, Isaka, nawe ukamnyang'anya.